Gauni la Mkanda Lililonikaa Kuliko Wenzangu

Picha ya lile gauni ilirushwa na mhasibu wetu kwenye grupu la wanawake wa ofisini, Ijumaa moja mchana, wanaume wako msikitini na sisi tumebaki na feni na uvivu. Grupu hilo halina mwanaume hata mmoja, na ndiyo maana lina uhai kuliko lile la kazi. Kila mwaka kabla ya Siku ya Wanawake tunachagua kitenge kimoja na mshono mmoja, tunashona sare, tunaandamana hapa Kibiti mpaka uwanjani, tunapiga picha, tunakula pilau, basi. Miaka ya nyuma tulishona magauni mapana yanayomtosha kila mtu. Mwaka ule mhasibu alisema amechoka kuonekana kama mashuka yaliyoanikwa.

Gauni lenyewe ni lile lililotapakaa kwenye simu za wafanyakazi wa kike kila mahali: la kubana, mikono imetuna mabegani, mkanda mpana wa kitambaa kilekile kiunoni, halafu linateremka likizidi kubana mpaka chini ya magoti, na mpasuo nyuma ili mtu aweze kupiga hatua. Binti wa kwenye picha alikuwa na umbo namba nane na tumbo halipo kabisa. Nikaandika kuwa pengine kwao hawapiki. Wakacheka, lakini ubishi ukaanza pale pale, kwa sababu kila mmoja alijitazama na kuona pa kuogopa.

Mhasibu mwenyewe ni mama wa watoto wengi, amejaaliwa mbele, nyuma na katikati, na mkanda kwake ungekuwa kama kamba kwenye gunia la mpunga. Hayo aliyasema yeye, si mimi. Mkuu wetu wa idara ni kimbaumbau. Akivaa nguo ya kubana anaonekana amesimamishwa. Binti wa mapokezi, aliyetoka Dar mwaka uliotangulia, ndiye peke yake mwenye umbo la ile picha, na kwa busara zake alinyamaza. Mimi ni bapa. Mbele bapa, nyuma bapa. Mama alikuwa akinitania kwamba naweza kuvaa gauni nyuma mbele na asijue mtu. Nilizoea kusikia nguo fulani haitanikaa kwa kuwa sina hiki wala kile, na kusema kweli yalikuwa yananiudhi, maana wanaosema hivyo hukuangalia kana kwamba mwili wako ni nyanya za kuchagua sokoni.

Lakini mwaka ule nilikuwa na siri iliyonifanya nisijali kuitwa bapa. Nilikuwa na mimba. Tuliingoja miaka mingi mimi na mume wangu, mpaka mawifi wakaacha kuuliza, na kuacha kwao kuliniuma kuliko kule kuuliza. Mume wangu ni mwalimu kule Kiongoroni, ndani ya delta, na alikuwa akija nyumbani kadiri maboti na maji yalivyoruhusu. Akitaka kunipigia simu ilimbidi atoke mpaka penye mtandao, na tangu nilipomwambia akawa haanzi na salamu nyingine ila kuuliza, "Mmeamkaje?" Nami najibu tumeamka salama, huku wenzangu wa ofisini wakidhani namjibu mama.

Kwetu mimba haitangazwi. Unajifunga khanga, unavaa mapana, wenye macho wanaona na kunyamaza, na asiye na adabu akikuuliza unamwambia ni shibe. Mama aliniambia nikae kimya mpaka tumbo lisifichike tena. Sikuona ugumu. Kwa muda wote ule nilikuwa nimezoea kuficha huzuni. Kuficha furaha kulikuwa kwepesi, na kulikuwa kutamu.

Tatizo lilikuwa gauni. Nilipiga hesabu kichwani nikaona siku ya maandamano tumbo litakuwa limeshatokeza, na hakuna mkanda utakaolala juu yake. Basi nilingoja wenzangu wote wamalize kwenda kupimwa, nikaenda peke yangu baada ya alasiri kwa fundi. Fundi wetu ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Mbwara, mwenye cherehani chake barazani kando ya barabara kuu. Nikamwamkia, akanipokea bila kuinua macho kwenye sindano.

"Nawe wataka hilohilo la mkanda?"

"Hilohilo, mama. Ila mkanda usiuweke kiunoni."

"Sasa uende wapi?"

"Upande juu. Hapa, chini ya matiti."

Akaacha kukanyaga cherehani. Hakunipongeza, kwa sababu hayo hayafanywi. Aliuliza tu imefika wapi, nikamwambia wa nne unaingia, akasema Mungu akuvushe, halafu akainuka na futi yake akanipima polepole, akiizungusha tumboni kwa ulegevu kana kwamba pana kidonda. Alinieleza atakavyofanya. Mkanda ataupandisha, chini yake ataweka marinda madogo yasiyoonekana kwa mbali, na ubavuni kote kuwili ataacha kitambaa kingi kwa ndani, ashone kwa nyuzi ndefu zinazofumuka upesi. Nikijaa, anaachia.

"Wenzio wananiletea picha," alisema. "Hakuna aliyeniletea tumbo lake. Mmoja ananiambia nilifiche, mwenziwe ananiambia nimtilie kiuno. Nimtilie kiuno kwa uzi?"

Nilicheka mpaka nikakaa.

Nilirudi kwake mara kadhaa baada ya hapo kujaribu. Kila nikienda aliachia kidogo, upana wa kidole, na kila akiachia mimi nilitoka pale nimenyoosha shingo. Sijawahi kupenda kubanwa na nguo kama nilivyopenda majuma yale. Ofisini mhasibu alianza kunitazama. "Unanenepa wewe," aliniambia, "tena usoni. Mshahara gani huo unaopata peke yako?" Nikamwambia ni samaki wa delta anaoniletea mume wangu. Nilikuwa na furaha isiyo na aibu. Nikiwa peke yangu masjala, kwenye kazi yangu ya mafaili, nilikuwa nakiegemeza kiti ukutani nakaa nimeweka mkono pale, na ikiwa mtu atafungua mlango najifanya natafuta kalamu.

Nilikuwa kwa mama, Nyamwage, nimekwenda mwisho wa wiki kumsalimia, yalipotokea. Asubuhi nilikunywa uji, nikasema mgongo unaniuma, nikajilaza. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Muuguzi aliyekuja alifanya alichoweza na sina la kumlaumu. Alikuwa mtoto wa kiume. Mama alimpokea kwenye viganja vyake na viganja vilimtosha. Alikuwa na vidole vyote, na kucha, na alikuwa na paji pana la baba yake. Nililiona kwa macho yangu, kwa hiyo asinijie mtu na maneno ya kwamba hakuwa mtu bado.

Mjomba alikwenda dukani kununua kitambaa cheupe. Alituambia baadaye kwamba mwenye duka alimuuliza anataka mita ngapi, na yeye akabaki amesimama, maana hakuna kipimo kidogo hivyo. Alinunua mita moja. Wakamwosha, wakamkafini, wakamswalia wachache waliokuwepo, wakamzika nyuma ya nyumba kwenye mikorosho. Kilichobaki cha ile mita mama alikikunja akakiweka, sijui wapi, na sijamuuliza.

Mume wangu alifika kesho yake, suruali imejaa tope mpaka mapajani, kwa sababu maji yalikupwa boti likakwama kwenye mkondo, na alishuka kulisukuma pamoja na wenzake. Hakuingia ndani kwanza. Mama alimwonyesha kwa mkono, akazunguka nyuma. Nilimsikia kwenye dirisha akilia kwa sauti, mwanaume ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwa wanafunzi. Alipoingia alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika mguu.

Matanga hayakuwekwa. Utawaita watu waje kuomboleza nini, na hawakuambiwa kwamba kuna kitu? Majirani wa mama waliona yaliyoonekana wakanyamaza, kwa adabu ileile waliyonyamazia mimba. Nilirudi Kibiti, nikasema nilikuwa na malaria, nikapewa pole ya malaria. Nilitamani kumpiga mtu. Kila aliyeniambia "pole, malaria mbaya sana siku hizi" nilimjibu asante, na meno yanauma kwa kubanwa. Maziwa yalikuja, tena kwa wingi, nikawa nikienda kazini najifunga kitambaa kifuani chini ya nguo. Mwili ulikuwa haujaambiwa.

Gauni nililisahau mpaka fundi alipotuma salamu kwamba liko tayari. Nilikwenda. Alikuwa amelitundika mbele ya baraza, na kwa mbali niliona ameliachia sana, mbavu zote mbili, bila kuningoja. Alikuwa amepiga hesabu zake mwenyewe akajua nitakuwa nimefika wapi. Akaniona natokea barabarani, akatabasamu, kisha macho yakashuka tumboni, na lile tabasamu likamfia usoni.

"Mwanangu," alisema. Akanisogezea kigoda.

Nikamwambia lini na wapi. Yeye ndiye mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu kumwambia, na nilimwambia huku magari ya Lindi yanapita tukilazimika kunyamaza mpaka yaishe. Alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha kitenge changu mwenyewe. Kisha akachukua wembe akaanza kufumua. Alitoa marinda, akaushusha mkanda mpaka kiunoni kama wa wenzangu, akarudisha mbavu ndani. Nilivaa, akabana kwa pini, nikavua, akashona. Gauni likarudi kuwa dogo kuliko siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa sili.

Alipomaliza aligeuza nguo ndani nje, akanionyesha vile vitambaa vingi vya ubavuni.

"Hivi nivikate? Ukiviacha vitatuna kidogo, halitalala vizuri."

Alingoja, mkasi mkononi, hakunisukuma.

"Viache," nilimwambia.

Siku yenyewe ilikuwa na mvua za rasharasha na jua kati yake. Tulikutana ofisini asubuhi kupigana picha kabla ya kuandamana, na lile gauni likatoa hukumu zake. Mhasibu aliukataa mkanda siku ya mwisho, na bila mkanda alipendeza kuliko nilivyomwona siku zote, kitenge kimemteremkia vizuri, mikono ile ya kutuna imempa enzi. Mkuu wa idara alifichwa wembamba wake na mabega yale, akawa anajigeuzageuza kwenye kioo cha gari. Binti wa mapokezi alikuwa picha kamili, lakini alishindwa kupanda kwenye gari la kutupeleka maandamano yanapoanzia, ikabidi abebwe kama mzigo, na vijana wa barabarani wakafaidi. Mimi nilisimama pembeni na mwavuli. Sikutaka kutazamwa.

Walinitazama. Walianza mmoja mmoja, halafu wakanizunguka. Wakasema limenikaa. Wakasema limenitoa. Wakanigeuza, wakanipiga picha upande, wakatafuta ile picha ya kwenye simu wakailinganisha na mimi. Mtu bapa kama mimi! Nilijua kilichokuwa kimenitengenezea umbo. Kifua kilikuwa bado kimejaa kwa ajili ya mtu, nyonga zilikuwa zimeanza kufunguka kwa ajili yake, na katikati palikuwa patupu.

Tulipofika uwanjani, tukiwa tumesimama kwenye mstari tukingoja mgeni rasmi, mhasibu alinishika mkanda wangu, akalirekebisha fundo, akanipigapiga tumbo kwa upendo. Yeye ni mtu wa upendo, sitaki mtu amfikirie vibaya.

"Shoga, wewe ndiye uliyepatia," alisema. "Hili gauni si la sisi wazazi. Tumbo likishabeba mtoto halirudi tena, hata ulifunge kwa chuma. Nyie ambao hamjazaa, vaeni, mjidai."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza majuma mangapi, ningeweza kunyamaza na siku ile, tukarudi, tukala pilau. Lakini hasira ilinipanda kutoka miguuni, na haikuwa juu yake, sijui ilikuwa juu ya nani.

"Na mimi nimezaa, dada," nilisema.

Akacheka akidhani ni utani. Kisha akaniangalia usoni, na mkono wake ukabaki pale pale tumboni kwangu.

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Ile malaria."

"Yuko wapi?"

"Nyamwage. Nyuma ya nyumba ya mama."

Mbele yetu bendi ilikuwa inapiga na watu wanapiga makofi. Mkuu wa idara aligeuka, binti wa mapokezi akageuka. Mhasibu alinivuta kwa ule mkanda mpaka kifuani kwake.

"Mbona hukutuambia, mwenzetu? Si tungekuja kukuhani?"

"Ningewaambia amekufa nani, dada? Hata kuwa yupo sikuwaambia."

Alinishikilia hivyo hivyo mbele ya umati, sare kwa sare, mpaka mstari ukaanza kusogea na wa nyuma wakatupita. Ndipo akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mlimpa jina gani?"

Mjomba alikuwa amempa jina, siku ile, kabla hajafunikwa. Nikalitaja.