Maua ya Ukutani kwa Mama Ntumba

Kisimba alikuwa mchoraji wa mabango mjini Kolwezi. Zamani aliandika namba kwenye malori ya mgodi wa shaba. Mitambo ilipoanza kunyamaza akahamia mitaani, akichora chupa kwenye kuta za baa na mbuzi kwenye vibanda vya nyama. Maua hakuwahi kuyachora mpaka Mama Ntumba, fundi wa kushona nguo, alipomwita.

"Tata Kisimba, mi sitaki sindano, sitaki cherehani," alisema. "Batu bote banachora cherehani. Mi nataka maua, ukuta muzima."

Kisimba alikwangua chokaa ya zamani, akapaka mpya, kisha akachora kwa kipande cha mkaa. Maua yake ya kwanza yalisimama kimo kimoja, yote yametazama mbele. Mama Ntumba alicheka mpaka akashika mlango.

"Tata! Haya ni maua ao ni baaskari?"

Akaleta kitenge, akakibandika ukutani, akamwonyesha jinsi shina linavyopinda na kuacha nafasi tupu. Kisimba akafuta, akaanza upya. Shina likapanda kutoka pembeni, likazunguka dirisha, likavuka juu ya mlango. Maua mekundu yakakaa huku na kule, mengine bado yamefumba. Jina la Ntumba aliliandika kwa herufi zilizozungushiwa majani. Waliokwenda sokoni walisimama kutazama, na Kisimba akawa anapita pale hata asipokuwa na safari.

Kisha ukaja wakati wa kufukuzana. Watu wenye asili ya jimbo la Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale waliozaliwa Kolwezi kama Ntumba. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwatoa. Ntumba alitoka na alichoweza kubeba, akaenda kulala gare, kwenye stesheni ya reli, pamoja na umati wa wenzake, wakingoja gari la moshi. Ernestine, mke wa Kisimba, akapika bukari, ugali wa kwao, na mboga, akamwambia mumewe awapelekee.

"Nitaenda kesho," alisema Kisimba. Aliogopa kuonekana.

Kesho yake aliitwa na Kabamba, mtu aliyekuwa ameichukua nyumba ya Ntumba ili auze unga.

"Jina, toa," alisema Kabamba. "Maua, acha. Maua haina kabila."

Kisimba alipanda ngazi. Chokaa tupu ingeacha doa, kwa hiyo akachora ua kubwa juu ya zile herufi. Mkono ulienda vizuri. Hilo ndilo lililomchoma baadaye: kwamba kazi ile aliifurahia.

"Tata Kisimba."

Ntumba alikuwa chini ya ngazi, kitambaa chake cha kichwa kimejaa vumbi.

"Mama... balinituma tu."

Ntumba aliutazama ukuta. "Ile ua ni nzito," alisema. "Inakula ingine yote." Halafu, kwa sauti ya chini: "Makasi yangu iko mu nyumba, nyuma ya mulango. Uniletee. Mi siwezi kuingia."

Ndani, Kabamba alikuwa akicheka na wageni wake. Kisimba aliishika ngazi kwa nguvu. Wakimuuliza anamtumikia nani, atasema nini?

"Kabamba iko mule ndani, mama."

"Bon. Acha tu, tata." Akaondoka, hakugeuka.

Jioni, akikusanya brashi zake, Kisimba alijikaza akaomba makasi. Kabamba hata hakuinua kichwa.

"Ile? Beba. Mi sishone."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kisimba alikimbia mpaka gare. Gari la moshi lilikuwa limekwisha kuondoka, na waliokosa nafasi walikuwa wameketi kati ya magodoro na masufuria. Mama mmoja aliyesali kanisa moja na Ntumba alimwambia kwamba amekwenda.

"Nipatie, nitamupelekea kule," alisema, akayapokea makasi. "Nimwambie imetoka kwa nani?"

Kisimba alifungua mdomo. Jina lake likakataa kutoka.

"Mwambie batu baliiokota," alisema, akaondoka haraka.

Maua yale yalidumu miaka mingi. Watu walipoyasifu mbele yake, alisema yalichorwa na mtu mwingine. Ernestine, aliyeyajua yote, hakumsuta hata mara moja. Kisimba angeona nafuu kama angemsuta.