Mnyoaji Aliyekataa Ruhusa

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Lyall Pettifer ni viatu. Katika wodi ile kila mgonjwa aliburuta ndala, lakini Lyall alivaa buti za kahawia, zimeng'arishwa mpaka taa za dari zinaonekana ndani yake.

"Leo harusi ya nani, mzee?" nesi Tevita humtania.

"Yangu na barabara."

Miaka tisa iliyopita, akiwa amezidiwa na sauti za kichwani, Lyall alichoma moto banda la sufu la jirani yake, nje ya mji wa Dubbo. Hakufa mtu. Mahakama iliona kwamba kwa hali yake hawezi kujitetea, ikaamuru akae katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kikomo miaka tisa, hadi tarehe kumi na nne Machi mwaka huu.

Alikuwa mnyoaji wa kondoo. Kwa wanyoaji, mtu hatoki bandani kabla ya kondoo wa mwisho kunyolewa. Akishanyolewa, unafunga mzigo unaondoka. Ndiyo maana mwezi Januari, alipopewa ruhusa ya kulala siku mbili kwa dada yake Noeline, alikataa.

"Siachi kazi katikati halafu nikarudi. Nitatoka mara moja tu."

"Nenda, mzee," Tevita alimsihi. "Madaktari wanataka kuona unavyolala kule."

"Nalala chali. Waandikie."

Wiki mbili kabla ya tarehe yake, serikali ikaiomba mahakama imwongezee muda, ikidai huenda bado ni hatari. Jaji akamzuia miezi mitatu kwanza, ili madaktari wawili wamchunguze. Wote wawili wakaandika jambo lilelile: hajalala nje ya hospitali tangu alazwe, hivyo hatari yake huko nje haijulikani. Ruhusa aliikataa mwenyewe.

Lyall akaiomba upya mbio mbio. Akajibiwa kwamba hakuna ruhusa mpaka mahakama iamue.

"Hamnitoi kwa sababu sijajaribu," alifoka kwenye simu ya wodi, "na hamniachi nijaribu kwa sababu hamjanitoa!"

"Mimi ni Noeline, usinifokee mimi," dada yake akasema. "Na shusha sauti. Hilo nalo wataliandika."

"Wameshaandika kila kitu isipokuwa jina la mbwa wako."

"Walikuja kuliuliza Jumanne."

Lyall akacheka bila kutaka, kisha akapigiza kipaji cha uso ukutani, polepole, mara mbili. Siku mbili tu. Angezilala zile siku mbili!

Leo ndiyo hukumu: aende kwa Noeline, au aongezwe miaka mitatu. Noeline amepanda treni hadi Sydney, baada ya kutandika kitanda cha chumba cha nyuma. Lyall yuko wodini mbele ya runinga inayomwonyesha mahakama. Amefunga kamba za buti, akazifungua, akazifunga tena. Tevita, ambaye zamu yake imeisha, bado amesimama mlangoni.

Kwenye runinga watu wote wameinuka. Jaji ameketi, amevaa miwani, anatafuta ukurasa.