Masomo ya Peninah Kwenye Kioo cha Makutano

Mke wangu Peninah ni mwalimu wa shule ya msingi, mimi ni fundi seremala. Nasema hivyo mapema ili mtu asinidhanie msomi. Niliishia darasa la saba na nikafurahi sana kutoka. Yeye, kinyume changu, shule haikumtosha. Mwaka wa tisini na moja, mtoto wetu Mukiri akiwa bado ananyonya, aliniambia anataka digrii, tena ya chuo kikuu cha ng'ambo ambacho hakina hata haja ya kumwona. Vitabu vitakuja kwa posta, atasoma papa hapa nyumbani Meru, na mtihani ataufanyia Embu kila mwisho wa mwaka. Nilicheka mpaka randa ikaniponyoka. Nikamuuliza kama siku hizi hata harusi zinafungwa kwa posta. Yeye alianza tu kusoma.

Majirani walizoea kunisimamisha njiani. "Salesio, huyo mwalimu wako amebakisha masomo ngapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu mama yangu mzazi, Gatakaa, alikuwa amepiga marufuku kuyahesabu. Kwetu mtu mzima hahesabu watoto wake wala mbuzi wake. Ukihesabu, unaita mkosi uje upunguze. Mama hakuwahi kujua idadi ya mbuzi wake, lakini hakuna aliyempotea bila yeye kujua. Jioni alisimama langoni akiwataja kwa majina wakiingia, na asiyeingia alifuatwa. Basi masomo ya Peninah nayo yakafuata sheria ya mbuzi. Akifaulu somo alimtajia mama jina lake, mama akasema, "Limeingia," kisha wakaendelea kumenya viazi.

Mwishowe ikawa limebaki somo la Takwimu peke yake. Mtihani wake aliufanya Novemba tisini na saba, ile mvua ya El Niño ikimwagika kama imetumwa. Mto mmoja kabla ya kufika Embu ulikuwa umefunika daraja. Vijana wa hapo walifunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo, na mke wangu akavuka akiwa ameinua kalamu na kitambulisho juu ya kichwa, mimi nimebaki ng'ambo hii nikimwomba Mungu na kumtukana kwa zamu. Alilala Embu, mtaa wa Majimbo, kwa binamu yake Veronicah, asubuhi akaingia kwenye mtihani na viatu vya kuazima. Karatasi zilifungwa, zikatumwa ng'ambo.

Halafu kimya. Wiki zile mifuko ya barua ilikwama huku na huku barabarani, na hakuna aliyejua ipi ilifika. Peninah aliandikia chuo, wakamwambia asubiri. Kurudia mtihani haikuruhusiwa mpaka ijulikane ule wa kwanza uliishia wapi. Na muda aliopewa ulikuwa unaisha na mwaka wa tisini na tisa. Asiyemaliza kufikia hapo, masomo yake yote yanafutwa. Kama zile karatasi zilikwenda na maji, basi miaka yake yote ilikuwa imekwenda nazo. Alipungua mwili. Mimi niliacha kabisa kumtania, na watu wanaonijua wanaelewa hilo lilikuwa jambo zito.

Katikati ya mwaka huo wa mwisho chuo kilituma habari kwamba rekodi ya kila mwanafunzi sasa inaonekana kwenye kompyuta, popote duniani. Makutano, hapa mjini Meru, palikuwa pamefunguliwa kichumba chenye kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Jumamosi tulikwenda. Mama tulimpitia soko la Gakoromone alikokuwa akiuza ovakado, na alikataa katakata kuachwa.

Kijana wa pale, Kithinji, alibonyeza mahali na mtambo ukaanza kupiga kelele za ajabu.

"Inalilia nini?" mama aliuliza.

"Inaitana na ingine iko ng'ambo, juju," Kithinji akamjibu kwa heshima, akimwita bibi kwa Kimeru kama mjukuu wake.

Mama akavua kikapu mgongoni, akakaa wima. Kilichotokea kwanza kwenye kioo ni jina: Peninah Makandi. Jina hilo nililijua kwenye kadi ya kliniki na cheti chetu cha ndoa. Kumbe kulikuwa na mahali ng'ambo ya bahari lilikokuwa limetunzwa muda wote huo, na watu wasiomjua! Chini yake masomo yakaanza kujitokeza, mstari baada ya mstari, polepole sana.

Kithinji akaweka kidole kwenye kioo. "Wacha tuone, madam. Moja, mbili..."

Mama alimchapa mkono. "Wewe! Unamhesabia mtoto wangu mali yake? Weka mikono mbali. Na usinyooshe kidole!"

Kithinji ni mtoto wa huku huku, na bila shaka ana juju wake nyumbani. Aliikalia mikono yake, kwa kweli aliiweka chini ya mapaja. Mama akamgeukia Peninah, "Yaite wewe."

Peninah akayaita. Saikolojia ya Mtoto: hili alilisoma Mukiri akiwa mgongoni. Historia ya Elimu: mwaka mahindi yalikauka tukala viazi mpaka tukavichukia. Falsafa: baba yake alipofariki, akasoma matangani, kitabu ndani ya leso. Kila moja mama aliitikia, "Limeingia." Mimi nilikuwepo miaka hiyo yote, nikila na kulala nyumba moja naye, na sikuwahi kuiona ikiwa pamoja namna ile. Nilimtazama mke wangu nikamwogopa, ile hofu ya kanisani.

Kisha kioo kikajaa na maandishi yakasimama. Takwimu haikuwepo.

"Iite tena," mama alisema.

"Haipo, mama."

"Lakini juju..." Kithinji akaanza.

"Nyamaza!"

Peninah alifunga kitambaa chake kichwani. Hakulia. Alisema tu, "Baba Mukiri, twendeni nyumbani," kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mimi nikaanza kulaani mvua, posta na hao watu wa ng'ambo, na nikampigia kelele Kithinji kana kwamba ndiye aliyefurisha mto.

"Mzee, si makosa yangu, nimekatazwa kushika!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Hiyo kitu haijaisha. Inaendelea chini."

"Chini wapi?" mama akauliza. "Chini si ni meza?"

"Niguse, juju?"

Mama akafikiri. "Gusa. Usihesabu."

Alitoa mkono mmoja, akagusa kidude kilichokuwa mezani, na maandishi yote yakapanda juu. Kulikuwa na mstari mwingine. Peninah alishika bega langu na kucha zake zikaingia.

"Soma wewe," aliniambia. "Mimi macho yamekataa."

Kwa hiyo nilisoma mimi, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kichumba kizima kikinisikiliza. Nilisoma Takwimu. Nilisoma neno la kufaulu. Chini yake kulikuwa na sentensi moja ndefu, nikaiendea neno kwa neno mpaka nikaelewa inasema nini: kwamba Peninah Makandi ametimiza yote yaliyotakiwa, na atapewa digrii. Nilijaribu kuirudia kwa Kimeru ili mama asikie, sauti ikakatika. Nililia pale Makutano, mwanamume mzima, na Peninah ndiye aliyemalizia kumtafsiria mama yangu.