Muziki wa Filamu Nyuma ya Dada Yangu

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la tano la msingi, na mkono wangu unaenda polepole. Kusema mbele ya watu naona haya, kuandika ninajaribu.

Dada yangu mkubwa alianza kuongea peke yake tulipokimbia kutoka Rutshuru. Kambini Mugunga hakuna aliyemshangaa, kila mtu alikuwa na yake. Tulipohamia Ndosho, kwenye uwanja wa nyumba nne za wapangaji, akawa mkataji wa mboga za lengalenga wa wamama wote. Majani yalitoka mikononi mwake membamba kama nyuzi. Walimletea mabeseni, naye alikata huku akibishana na mtu tusiyemwona, mara nyingine akimchekea.

Kisha jirani akafungua chumba cha filamu. Kijana mmoja alishika mikro ya kukuza sauti, akatueleza kwa Kiswahili, maana filamu zilikuwa za lugha za mbali. Lugha hizo hata yeye hakuzijua. Alitazama nyuso, akatunga. Kila aliyeongea peke yake ndani ya filamu, kijana alimwita kichaa. "Muangalie mikono yake," alisema. "Uyu atachinja mutu." Muziki ukapanda, na kweli kisu kikaonekana.

Mabeseni yakapungua. Watoto walimfuata dada akienda kuchota maji, wakiiga muziki ule kwa midomo. Yeye alidhani wanamwimbia. Aliweka bidoni lake la kuchotea chini, akacheza.

Mwenye uwanja akaja kwa mama. Alisema yeye hana shida, ila wapangaji wanaogopa. "Mama, ule mutoto, umunyanganye kisu. Ao umupeleke kwingine."

Mama alificha kisu ndani ya gunia la makala ya kupikia. Dada alikitafuta kila pembe, mwishowe akakaa mlangoni, mikono juu ya magoti, akitazama njia. Wapangaji hawakutulia hata hivyo. Mama akampeleka Bunagana kwa mama mkubwa, kwenye mashamba. Halafu vita vikafika huko. Mama mkubwa alivukia Uganda. Dada alimpotea katikati ya watu waliokimbia.

Mara moja nilirudi kwenye chumba cha filamu. Mikro ilikuwa imekufa, tukatazama bila maelezo. Yule wa kuogopwa ndani ya filamu alikuwa amekaa tu mlangoni, mikono juu ya magoti. Nilitoka kabla muziki haujapanda.

Siku hizi lengalenga nakata mimi, na majani yanatoka mapana. Natamani filamu moja ambamo mtu kama yeye anakata majani mpaka beseni linajaa, wamama wanakuja kuyachukua, na filamu inaishia hapo.

Wewe unayesoma, kama umeona mwanamke anayekata majani membamba hivyo huku akiongea peke yake, niandikie. Na kama mnaye wa namna hiyo nyumbani kwenu, niandikie pia, hata mistari miwili. Uniambie mnaishi naye namna gani, na kama kisu mnamwachia.