Siku Tatu Hazikumtosha Mama Pacha

Kwa miaka tisa Mama Pacha alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumwona amekaa kabla ya saa sita mchana. Ndiyo maana asubuhi ile alipovuta ndoo, akaifudikiza na kuikalia, wenzake wote waliacha kazi wakamtazama.

"Malaria," aliwaambia kabla hawajauliza.

Haikuwa malaria. Siku nne nyuma, hospitalini, alikuwa ametoa mimba ya wiki tisa. Pacha wake, ambao sasa wako darasa la pili, walizaliwa kwa upasuaji, naye akavuja damu mpaka mumewe akaitwa aje kumuaga. Daktari alimwambia waziwazi kuwa mimba nyingine inaweza kumwondoa duniani. Akawa anachoma sindano ya uzazi wa mpango bila kukosa, ila safari moja alichelewa. Uamuzi aliufanya mwenyewe. Mumewe alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nakutaka wewe," kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Muuguzi alimweleza kila kitu: damu inaweza kutoka hata wiki mbili, tumbo litakata, asibebe vizito; akipata homa au akijaza pedi mbili ndani ya saa moja, arudi mbio. Mama Pacha akaitikia, akaomba ruhusa ya siku tatu kazini, akadhani zinatosha.

Hazikutosha. Mvuke wa pasi ulimpanda kichwani. Miguu ilimwuma kuanzia nyonga, na kila shuka aliloliinua lilikuwa kama limetoka majini sasa hivi. Lakini kilichomchosha zaidi ni kusubiri. Alikuwa anasubiri kulia. Alidhani machozi yangekuja siku ya kwanza, au ya pili. Badala yake kilichomjia kwanza ni ahueni, ahueni kubwa ya mtu aliyeponea chupuchupu, na kwa ahueni hiyo akajionea aibu.

Nyumbani hakukuwa na pa kuitua aibu hiyo. Mumewe ni fundi bomba, na wiki ile alifungua mabomba yote ya nyumba, hata yasiyo na tatizo, akayafunga tena. Ilikuwa njia yake ya kuwa karibu bila kusema. Halafu kulikuwa na wifi, dada wa mume, aliyekuwa akiishi nao tangu alipoachika. Wifi alikuwa na mdomo usio na breki, na hakuwa ameambiwa lolote.

Siku ya sita Mama Pacha aliona giza akiwa ameshika pasi. Msimamizi akamrudisha nyumbani. Aliyefungua mlango ni wifi, mwiko mkononi.

"Na malaria yako hiyo," wifi alisema, "mbona haina homa?"

Mama Pacha akaegemea ukuta. Nguvu za kutunga uongo mwingine hakuwa nazo. "Nilikuwa na mimba, wifi. Nimeitoa."

Wifi aliuweka mwiko chini polepole. "Nafua nguo za nyumba hii, mama. Najua tangu Jumanne."

"Na hukusema?"

"Mimi? Nilikaa kimya siku nne, karibu nipasuke!"

Mama Pacha alicheka, tumbo likamkata, akashika kiuno. Kisha akasema neno lililokuwa limemkaa kooni. "Sijalia hata kidogo. Nina roho ngumu?"

"Sitaki ulie, nataka ule," wifi alisema, akimshika mkono na kumkalisha. "Ukishiba, ukitaka kulia utalia. Pacha walipozaliwa mimi ndiye niliyefua khanga zako zilizolowa damu. Usiniulize mimi kama ulikosea."

Mchana huo wifi alimpeleka hospitalini. Kizazi kilikuwa kimesafika vizuri, ila damu mwilini ilikuwa imepungua. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na barua ya kupumzika siku kumi. Kabla hawajaondoka, muuguzi akamwuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama ana mtu wa kuongea naye. Mama Pacha akamwonyesha wifi kwa kidevu.

Machozi yalikuja wiki ya tano, mchana, akikunja soksi za pacha. Hayakuwa mengi. Mumewe alikuwa mlangoni na spana yake. Akaiweka chini, akaketi kando yake.

"Nilikuwa naogopa kukuuliza," akasema.

"Niulize basi."

Akauliza, naye akajibu alichoweza. Mengine alisema hajui, na mumewe hakumsukuma. Hata leo kuna siku Mama Pacha anaamka amechoka kabla hajafanya chochote. Siku kama hizo husema tu, "Leo siwezi," akarudi kulala, na wifi huwatuma pacha wakacheze uani.