Jiko Ndani ya Basi

Apolonia, mpishi wa wachimbaji huko Geita, aliishi ndani ya bodi la basi bovu pamoja na wifi yake, Mariana. Hawakupendana, ila hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

Kipupwe kilipoanza, Apolonia alishona viroba akaziba madirisha yasiyo na vioo, akatandika maboksi chini ya magodoro. Mariana hakuridhika. Alitaka jiko la mkaa liingizwe ndani.

"Mkaa unaua, wifi. Humu hamna pa kupitisha hewa."

"Sema tu unataka nife kwa baridi, basi hili libaki lako."

Asubuhi moja Apolonia alirudi kutoka kisimani akakuta mlango umefungwa. Alipousukuma, alimwona Mariana amelala karibu na jiko linalowaka, macho wazi, hawezi hata kuinua mkono. Akamkamata miguu, akamburuta mpaka nje. Akarudi kulitoa jiko, akavichana viroba vyote alivyovishona.

Mariana alitapika. Majirani walipofika, alipata sauti.

"Mmeona? Ameniburuta kama mbuzi. Kanichania na kitenge."

Apolonia alimpakia kwenye bodaboda, akamshika kwa nyuma asianguke mpaka zahanati. Njiani kote Mariana alikuwa akimtukana kwa Kisukuma.

Wiki iliyofuata Mariana alirudi kwao Kishapu bila kuaga. Apolonia alisikia uchungu, kisha akajikasirikia kwa kuusikia.