Fundi Aliyeyakataa Maji

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata wale wanaomnunia kwa kuwa aliwaambia tatizo la gauni si gauni. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane. Alihamia kwetu figo zake zilipogoma, akaja na cherehani yake ya miguu, akaiweka chini ya dirisha la sebule bila kuniuliza. Tangu siku hiyo sakafu yangu haijakosa nyuzi, wala nyumba haijakosa maneno.

Fundi husafishwa damu hospitali kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Damu inatoka mkononi kwa mpira, inapita kwenye mashine, inarudi. Mimi niliishia darasa la saba, nikadhani ni kama kuchuja chai. Muuguzi wa chumba kile alinieleza siku moja huku akimfunga Fundi plasta. Chakula tunachokula, alisema, kinaacha asidi mwilini, kama kuni zinavyoacha majivu. Si ugonjwa, ndiyo kuishi kwenyewe. Lakini damu haiitaki. Damu inataka kukaa upande wa pili kidogo, upande wa magadi, na ikisogezwa hata kidogo moyo unaanza vituko. Mapafu yanatoa asidi nyingine kwa pumzi, inayobaki ni kazi ya figo. Figo zikilala, mwili unaenda kuomba chokaa kwenye mifupa.

"Kwa hiyo hapa tunamtoa asidi na maji," alisema, "tunamrudishia baikaboneti, ndugu yake magadi."

"Kwa kifupi mimi ni maharage," akasema Fundi kitandani. "Wananitia magadi nilainike."

"Na hulainiki," akajibu muuguzi.

Kwenye hayo maji ndipo palipo na kazi. Asiyekojoa hana pa kuyatolea. Yanajaa miguuni, yanapanda, yakifika kwenye mapafu mtu anazama akiwa amekaa kitini. Kwa hiyo Fundi hunywa kwa kikombe cha kahawa, kwa zamu, kama dawa, na kiu ikizidi anamumunya kipande cha barafu. Jirani yangu alimkuta siku moja anamumunya, akatoka akatangaza kwamba namnyima wifi maji. Nilimfuata mpaka kwake nikamwambia, njoo basi umnyweshe wewe, na jeneza ulinunue wewe. Hajarudi.

Mambo yaliharibika mume wangu alipokuwa Mkurugenzi. Ni dereva wa lori la mchanga, mtu mwema, mgumu wa kusikia. Akajiunga na watu wanaouza mashine ya kugeuza maji yawe ya alkali, yaani ya ule upande wa magadi, wakamwambia kuanzia leo wewe ni mkurugenzi. Wa nani, sijui. Chini yake nilikuwepo mimi tu, na mimi sikuomba kazi. Mashine ikafungwa jikoni kwangu, na taa zake za buluu, na kichupa cha matone ya rangi. Anatia tone kwenye maji ya bomba, yanakuwa kijani. Anatia kwenye maji yake, yanakuwa zambarau. Anakutazama kama aliyepasua bahari.

"Daktari si amesema dada ana asidi?" aliniambia. "Na haya yanaua asidi. Hilo nalo linataka chuo?"

Akamwendea dada yake. Alhamisi usiende, alimwambia, kunywa haya kwa jagi, Ijumaa wageni wangu wa kununua mashine wanakuja, utawaambia ulivyopona. Nilingoja atukanwe. Fundi akasema, haya.

Watu wananiuliza ilikuwaje mwanamke kama yule akakubali. Alikuwa anakula kwa mdogo wake, analala kwa mdogo wake, gari la kumpeleka hospitali ni la mdogo wake. Hilo moja. La pili, msimcheke, alikuwa na kiu. Alikuwa hajanywa glasi nzima tangu figo zife. Nilimwona akiinua ile ya kwanza kwa mikono miwili, akafumba macho, akaimaliza bila kupumua, na sikuwa na moyo wa kumpokonya.

Alhamisi jioni viatu vilimkataa. Ijumaa asubuhi uso ulikuwa umevimba, hawezi kulala chali, amekaa ameegemea ukuta anavuta pumzi ndefu za harakaharaka kama aliyepanda ngazi. Cherehani imelala, kwa kuwa mguu haukunjiki. Nikamwambia mume wangu, dada yako anazama.

"Ni sumu inatoka," akasema, anapiga pasi shati.

Fundi alilisikia hilo. Alimtazama tu, vile anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

Wageni wakaja mchana, sebule ikajaa. Mkurugenzi akatia matone yake, akainua glasi ya zambarau. "Huu ndio uhai," akasema. "Na sasa dada yangu atatoa ushuhuda."

Fundi hakuweza kusimama. "Wifi," akaniita, pumzi ikimkatika katikati ya neno. "Nikatie ndimu."

Nilidhani ni kichefuchefu. Nikamletea nusu. Akaivuta ile glasi, akakamulia ndani. Zambarau ikakimbia. Ikapita kijani, ikatua kwenye njano ya mkojo.

"Tumbo langu lina asidi kali kuliko ndimu hii," akasema. "Na lako, Mkurugenzi. Na la huyo mama mwenye mkoba. Ndiyo inayosaga chakula, muuguzi aliniambia wakati wewe unaegesha gari. Haya maji yako hayafiki kwenye damu bila kupita humo, na nusu ndimu tu imeshayamaliza. Muuguzi anaingilia kwenye damu yenyewe, hapiti jikoni."

"Dada," mume wangu akasema taratibu, "mbele za watu."

"Uliwaita wewe. Nilichonywa mimi ni maji, basi. Na yote yako hapa." Akapandisha gauni, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. "Tazameni vizuri. Huo ndio ushuhuda. Wifi, niitie teksi."

"Dada, ngoja wageni watoke nikupeleke mwenyewe."

"Nikingoja wageni watoke, watarudi kuzika."

Mama mwenye mkoba ndiye aliyenisaidia kumshika upande wa pili. Mlangoni mume wangu alikuwa bado ameshika ile glasi ya njano, nikamwambia anywe, ni bure.

Njia nzima Fundi alikuwa anahesabu pumzi zake. Muuguzi alipomwona hakuuliza jina wala cheti, alimvutia kitanda. Kisha akatugombeza sote wawili kwa sauti ya chini huku mikono yake ikifunga mipira, na ile sauti ya chini ilinitisha kuliko kelele. Ungengoja kesho, alisema, ningemfunika shuka. Mashine ikaanza kunguruma. Nilikaa pale nikitazama maji ya jagi la mume wangu yakitolewa, na baada ya muda mrefu zile pumzi za mbio zikaanza kutembea. Muuguzi akasema hii ndiyo ya Jumamosi, arudi Jumanne.

Mume wangu alifika akiwa amekunja mikono ya shati. Alisimama mlangoni.

"Ingia," Fundi akasema. "Usikanyage mpira."

"Niliamini, dada. Wallahi niliamini."

"Najua. Ungekuwa tapeli ningekusamehe haraka zaidi."

Hakuna aliyecheka ila mgonjwa wa kitanda cha pili. Fundi akageuza uso, akautazama mkono wake wenye sindano, akamwacha mdogo wake na aibu yake.

"Jumanne nitakuleta," mume wangu akasema.

"Jumanne nitakuja," Fundi akajibu. "Ukiwa na gari, nitapanda."